Maabara ndani ya kompyuta: njia ya mtafiti wa maada kutoka Kitui na Makueni

Mtafiti wa maada anayetumia kompyuta huchunguza vitu bila kuvigusa. Maswali yake ni yale yale ya mwenzake wa maabara: kwa nini chuma hiki ni kigumu kuliko kile, betri inapotezaje nguvu, seli ya jua inageuzaje mwanga kuwa umeme. Tofauti ni kwamba yeye huanzia kwenye atomu. Huiambia kompyuta ni atomu gani zilizopo na zimekaa wapi, kisha huiachia kazi ya kukokotoa namna elektroni zake zitakavyotulia. Kutokana na jibu hilo hupata sifa za kitu kizima, hata kama kitu chenyewe hakijawahi kutengenezwa popote duniani.

Kwa Kitui na Makueni, kaunti mbili za Ukambani nchini Kenya, jambo hili lina uzito wake. Fizikia ya maabara ni ghali. Darubini ya elektroni hununuliwa kwa mamilioni mengi ya shilingi, huhitaji chumba chenye baridi na umeme usioyumba, na ikiharibika fundi hutoka ng'ambo. Chuo kichanga katika eneo kame kinaweza kungoja miaka mingi kabla ya kumiliki kifaa cha aina hiyo. Utafiti wa kompyuta hauna ngoja ngoja hiyo. Nyingi za programu zake kuu hupatikana bure, makala zake nyingi husomwa bure, na kompyuta yenye nguvu inaweza kuwa Cape Town huku anayeitumia ameketi Kwa Vonza au Wote.

Msingi wa kazi hii uliwekwa mwaka 1964, Pierre Hohenberg na Walter Kohn walipochapisha hoja iliyorahisisha tatizo lililowashinda wanafizikia kwa muda mrefu. Elektroni husukumana zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo mwendo wa moja hutegemea mwendo wa nyingine zote, na hesabu ya kuzifuatilia moja moja huwa kubwa kupita uwezo wa kompyuta yoyote zinapozidi chache tu. Wawili hao walithibitisha kwamba hakuna haja ya kuzifuatilia hivyo. Kwa kitu kilichotulia katika nishati yake ya chini kabisa, inatosha kujua msongamano wa elektroni katika kila sehemu yake. Mwaka uliofuata, Kohn na Lu Jeu Sham walionyesha njia ya kuigeuza hoja hiyo kuwa hesabu inayofanyika. Kohn alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1998 pamoja na John Pople. Karibu kila tasnifu ya fani hii inayoandikwa Kenya leo, na kwingineko, imejengwa juu ya makala hizo mbili.

Njia ya kuifikia kazi hii kutoka Ukambani huanzia darasa la fizikia la sekondari, iwe ni Kitui School, Muthale Girls, Makueni Boys, Mukaa Boys, Precious Blood Kilungu au shule ya kutwa isiyojulikana nje ya kata yake. Kwa miaka mingi fizikia katika mfumo wa 8-4-4 imekuwa somo ambalo mwanafunzi anaweza kuliacha afikapo Kidato cha Tatu, na wengi wameliacha kwa kuliogopa. Mfumo mpya ulioingiza wanafunzi wa kwanza katika Gredi ya 10 Januari 2026 unamtaka mtoto achague mkondo mapema zaidi. Anayeuacha mkondo wa sayansi na hisabati katika umri huo huwa ameufunga mlango huu pasipo kujua kwamba ulikuwepo.

Chuoni, wengi wa wanaoishia katika fani hii hawakuingia kama wanafizikia watupu. Walisajiliwa kusomea ualimu wa fizikia na hisabati, kwa kuwa ualimu una mwajiri anayejulikana, yaani Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC), na mzazi anayeuza mbuzi ili kulipa karo hutaka kujua mtoto ataajiriwa na nani. Huo si uamuzi wa kulaumiwa. Hisabati na fizikia ya darasani ya mwalimu ndiyo hasa inayohitajika baadaye: kalkulasi, matriki, mawimbi, na misingi ya kwantamu. Kinachokosekana mara nyingi ni uzoefu wa kuandika programu, na mfumo wa uendeshaji wa Linux, ambao ndio lugha ya kompyuta kuu zote. Mwanafunzi aliyezoea kubofya picha kwenye skrini hujikuta mbele ya dirisha jeusi lisilo na kitu ila kishale kinachowaka na kuzima, na hapo wengine hukata tamaa wiki ya kwanza.

Chuo kikuu cha umma chenye makao ndani ya Kitui ni South Eastern Kenya University, SEKU, kilichoko Kwa Vonza. Kilianza mwaka 2008 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi, na kikapata hati yake Machi 2013. Mwaka huo huo chuo kishiriki cha Chepkoilel, kilichokuwa chini ya Chuo Kikuu cha Moi, kiligeuka kuwa Chuo Kikuu cha Eldoret. Chepkoilel inatajwa hapa kwa sababu ndiko fani hii ilikopata kitovu chake nchini.

Mwaka 2010, wanasayansi wakiwemo Richard Martin wa Marekani, Nithaya Chetty wa Afrika Kusini na Sandro Scandolo wa kituo cha fizikia cha ICTP kilichoko Trieste, Italia, walianzisha shule ya Afrika ya kufundisha mbinu za kukokotoa elektroni. Inafahamika kwa kifupi chake, ASESMA. Mpango ulikuwa wa mwongo mmoja: wiki mbili za mafunzo kila baada ya miaka kama miwili, katika nchi tofauti, kisha ushauri kwa waliohitimu. Shule ya kwanza ilifanyika Cape Town. Ya pili, mwaka 2012, ilikuja Chepkoilel, Eldoret. Baadaye ikaenda Johannesburg mwaka 2015, Accra mwaka 2016, Addis Ababa mwaka 2018, na Kigali mwaka 2023. Ukiwauliza watafiti wa fani hii katika Afrika Mashariki walianzia wapi, wengi watataja mojawapo ya miji hiyo. Nchini Kenya, majina yanayoambatana na juhudi hizo ni ya George Amolo, ambaye baadaye alihamia Technical University of Kenya jijini Nairobi, na Nicholas Makau wa Eldoret. Wanafunzi waliopitia mikononi mwao sasa nao wanafundisha na kusimamia wengine.

Kinachofundishwa katika wiki hizo mbili kinaonekana vizuri zaidi kwa mfano wa silikoni, zoezi la kwanza la karibu kila mwanafunzi. Silikoni ndiyo moyo wa paneli nyingi za sola zilizoko juu ya mabati ya Mwingi na Kibwezi, na atomu zake zimo katika kila chembe ya kwatsi iliyomo kwenye mchanga wa mito ya Makueni, mchanga ambao kaunti ilitunga sheria ya kuulinda mwaka 2015. Katika fuwele ya silikoni, chumba kidogo kabisa kinachojirudia kina atomu mbili tu. Mwanafunzi huandika faili fupi ya maandishi: jina la elementi, mahali pa atomu hizo mbili, na upana wa mchemraba wa fuwele, ambao kwa vipimo vya maabara ni angstrom 5.43. Elektroni za ndani, zilizoshikwa sana na kiini, hazihesabiwi moja moja. Zinabaki nane za nje, nne kwa kila atomu, ambazo ndizo zinazoshikilia fuwele.

Kisha hesabu huanza. Kompyuta hukisia msongamano wa elektroni, hutafuta nguvu ambayo msongamano huo ungezalisha, hukokotoa elektroni zingekaaje ndani ya nguvu hiyo, na kupata msongamano mpya. Kama mpya haulingani na wa mwanzo, huuchanganya kidogo na kurudia. Mizunguko kama kumi hivi, tofauti huwa ndogo mno, na programu huandika kwamba imetulia. Kwa silikoni, nishati inayotoka, kwa kipimo kiitwacho Rydberg, huwa karibu na hasi 15.8 kwa atomu hizo mbili. Katika kompyuta ya kawaida ya mapajani kazi yote huchukua sekunde chache.

Hapo ndipo utafiti wenyewe unapoanza, kwa sababu jibu la kwanza haliaminiki. Mwanafunzi huongeza ukali wa hesabu kutoka Rydberg 20 hadi 30, kisha 40, akitazama kama nishati bado inabadilika. Huongeza pia idadi ya nukta ambazo fuwele inapimiwa, kutoka gridi ya nne kwa nne kwa nne hadi ya sita, hadi ya nane. Anasimama pale namba inapoacha kuyumba. Ni kazi ya kuchosha na haina sifa, lakini msimamizi mzuri huikagua kabla ya kitu kingine chochote, na mhakiki wa jarida atairudisha makala isiyokuwa nayo. Mtafiti anayeruka hatua hii anaweza kuchapisha maada ambayo ulimwengu hauna.

Silikoni hufundisha pia unyenyekevu wa pili. Njia ya kukokotoa inayotumika sana, iliyopendekezwa na Perdew, Burke na Ernzerhof mwaka 1996, hutoa upana wa fuwele unaokaribiana mno na ule wa maabara. Lakini ukiiuliza mwanya wa nishati wa silikoni, yaani nishati ambayo elektroni inahitaji ili iachane na kifungo chake na kuanza kupitisha umeme, itakujibu takriban elektronivolti 0.6, ilhali kipimo halisi ni 1.1. Kosa ni karibu nusu nzima. Linajulikana na lina njia za kulirekebisha, ila njia hizo hula muda mwingi zaidi wa kompyuta. Mtafiti aliyekomaa hutambulika kwa kujua ni swali lipi mbinu yake inaweza kulijibu na lipi haiwezi.

Muda wa kompyuta ndio unaomtoa mwanafunzi kwenye mashine yake mwenyewe. Kwa njia ya kawaida, ukiongeza atomu maradufu, hesabu huwa kubwa takriban mara nane. Fuwele ya atomu mbili ni ya sekunde. Uso wa maada wenye atomu mia moja, ambao molekuli ya maji au ya dawa imeukalia, ni wa siku kadhaa kwenye mashine kubwa. Watafiti wengi wa Kenya wametumia kituo cha CHPC cha Afrika Kusini, ambacho mwaka 2016 kilizindua kompyuta kuu iitwayo Lengau, yenye uwezo wa kufanya takriban hesabu milioni bilioni moja kwa sekunde. Shukrani kwa kituo hicho zimejaa mwishoni mwa makala za Wakenya. Nyumbani, KENET, mtandao unaounganisha vyuo na taasisi za utafiti tangu mwaka 1999, una kikundi maalumu cha utafiti wa maada kwa kompyuta na umewapa watafiti mashine za kukokotolea.

Faida ya mashine ya mbali inajulikana sana na yeyote aliyefanya kazi Ukambani. Stima ikipotea usiku, hesabu iliyo kwenye kompyuta ya chumbani hufa nayo, na kama mwenyewe hakuagiza faili za kuanzia upya, siku tatu zimepotea. Hesabu iliyopangwa kwenye foleni ya kompyuta kuu huendelea kama kawaida. Mtafiti huingia asubuhi kwa intaneti ya simu, husoma mistari ya mwisho ya faili, na kujua mara moja kama imetulia au imekwama. Faili za maandishi ni nyepesi. Kazi inayotumia vichakataji mamia inaweza kuagizwa kwa bando la shilingi chache.

Shahada ya uzamili huchukua miaka miwili kwenye karatasi, na mara nyingi zaidi kwa hali halisi, kwa kuwa wengi huisoma huku wakifundisha sekondari juma zima. Njia mbadala iliyofunguka karibuni ni taasisi ya ICTP ya Afrika Mashariki, EAIFR, iliyoanza mwaka 2018 katika Chuo Kikuu cha Rwanda, Kigali, ikiongozwa na Mnigeria Omololu Akin-Ojo, mwenyewe mtafiti wa fani hii. Huko uzamili wa fizikia ya maada hufundishwa muhula kwa muhula, mwanafunzi akiwa hana darasa la watu hamsini linalomngoja kesho yake.

Uzamifu ndio unaomfanya mtafiti awe mtafiti. Mpango uliowafaa Waafrika wengi ni ule wa kugawa masomo: mwanafunzi hubaki amesajiliwa chuo cha nyumbani, lakini hukaa miezi kadhaa kila mwaka katika maabara ya nje, kama ICTP ilivyofanya kwa miaka mingi kupitia mpango wake wa mafunzo ya aina hiyo. Uzuri wa utaratibu huu ni kwamba mwanafunzi hachomolewi nchini moja kwa moja. Akihitimu, msimamizi wake wa pili yuko Eldoret au Nairobi, wala si Ulaya peke yake. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu nayo humtaka mwanafunzi wa uzamifu awe amechapisha makala mbili kabla ya kuhitimu. Sharti hilo lina manung'uniko mengi, ila kwa fani hii ni la haki: mwenye hesabu zilizokaguliwa vizuri huweza kuandika makala moja kwa kila sura ya tasnifu yake.

Baada ya uzamifu huja miaka ambayo hupoteza watu wengi kuliko yote. Nafasi ya utafiti ya miaka miwili mitatu hupatikana Italia, Uhispania, Ujerumani au Afrika Kusini. Ndipo mtafiti anapojifunza kuandika maombi ya fedha na kuongoza vijana, na ndipo anapoweza kukosa sababu ya kurudi. Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa vigezo vilivyoufanya uzamifu kuwa sifa ya kawaida ya mhadhiri. Kutoka hapo hupandishwa kuwa mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, kisha profesa, kwa kuhesabiwa machapisho, wanafunzi aliowahitimisha na fedha za utafiti alizoleta. Ngazi ni wazi. Nafasi za kuipanda ndizo haba. Vyuo vimeelemewa na madeni, wahadhiri wengi ni vibarua wanaolipwa kwa muhula, na mgomo ulioanza Septemba 2025 ulifunga mihadhara ya vyuo vya umma hadi Novemba. Mtu mwenye ujuzi wa kuandika programu na kuchambua data nyingi ana benki na kampuni za teknolojia zinazomtaka. Anayebaki chuoni huwa ameamua.

Na sababu za kubaki zipo, tena karibu na nyumbani. Visima vingi vya Kitui na Makueni hutoa maji ya chumvi, na vingine vina floridi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Kuchagua madini yatakayonasa floridi na kuacha maji ni swali ambalo hesabu za nyuso za fuwele hulijibu vizuri: kompyuta hupima ni uso upi unaoishika ioni ya floridi kwa nguvu zaidi, na maabara hujaribu madini machache yaliyofaulu badala ya kujaribu kila kitu. Kitui ina mawe ya chokaa tele, kuanzia Ngaaie hadi Mutomo na Ikutha. Kila tani ya kalsiamu kabonati safi, ambayo ndiyo kiini cha mawe hayo, inayochomwa ili kupata saruji hutoa kilo 440 za kabonidioksidi kutokana na kemia yake peke yake, bado hujahesabu kuni au makaa ya tanuri. Kutafuta mchanganyiko wa udongo wa mfinyanzi na chokaa unaopunguza uchomaji huo ni kazi ambayo mtafiti wa Kwa Vonza angeifanya akiwa na malighafi mlangoni.

Jua nalo halina msimu katika kaunti hizi. Mwaka 2009 kundi la Tsutomu Miyasaka nchini Japani lilionyesha seli ya jua ya maada ziitwazo perovskiti ikigeuza asilimia 3.8 tu ya mwanga kuwa umeme. Leo seli za aina hiyo zimepita asilimia 26. Kasoro zake ni mbili: zina risasi, ambayo ni sumu, na huoza kwa joto na unyevu. Kubadilisha risasi kwa bati, bismuthi au elementi nyingine huleta maelfu ya michanganyiko, na hakuna maabara itakayoipika yote. Kwa hiyo watafiti wengi wa Afrika wameingia hapa, wakitumia hifadhidata za wazi kama Materials Project, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2011. Mashindano yameongezeka tangu Google DeepMind ilipotangaza mwaka 2023 kwamba akili mnemba yake imependekeza fuwele milioni 2.2 mpya, zikiwemo 380,000 zinazoonekana kuwa imara. Orodha ndefu kama hiyo haimwondoi mtafiti kazini. Inamhitaji zaidi, kwa sababu lazima mtu ajue ni kipi kati ya vyote hivyo kinachofaa kuchuja maji ya Mutomo au kustahimili joto la Mtito Andei.

Katika eneo la Malili, Makueni, mji wa teknolojia wa Konza una kituo cha taifa cha data, na taasisi ya sayansi na teknolojia, Kenya-AIST, imepewa makao yake hapo. Kwa hiyo mashine zitakuwepo, programu ni za bure, na mafunzo yanajulikana yanakofanyika. Kinachoamua kama kijana wa Kyuso au Nzaui atakuwa mtafiti wa maada ni kama atapata msimamizi aliyeajiriwa kwa kudumu na mwenye saa za kutafiti. SEKU na vyuo vingine vyenye kampasi katika kaunti hizi, pamoja na Hazina ya Kitaifa ya Utafiti, waanze na hilo: nafasi ya mhadhiri wa kudumu wa fani hii, na ufadhili wa wanafunzi wawili watatu wa uzamili kwa kila mhadhiri anayeajiriwa.